Una mawazo. Mawazo gani?

Kwenye baraza letu pale Ngamiani, Tanga, ukiulizwa mbona umenuna, jibu ni lile lile: "Nina mawazo tu." Muuza kahawa anagonga vikombe, mmoja anakwambia "Vumilia bwana," kisha watu wanarudi kwenye habari za Coastal Union. Jibu hilo nimelitoa miaka 3, usingizi sipati.

Mnasihi niliyemwendea, yaani mtoa ushauri nasaha, hakunipa ushauri wowote (nikanuna, nauli yangu imekwenda bure). Aliniuliza tu: "Mawazo gani?" Nikatoa macho kama mtoto wa chuoni aliyesahau aya. Akaniagiza niwe na daftari: kila moyo ukienda mbio, niandike kilichotokea, nilichowaza na nilichohisi. Njia hiyo inatokana na Aaron Beck, daktari wa Marekani, tangu miaka ya 1960. Kati ya jambo na hisia, alisema, hupita wazo la haraka ambalo mtu halioni.

Langu nililiona Alhamisi. "Saa 2 usiku. Kaka kapiga, sikupokea. Nimewaza: anataka hela. Nimehisi: hasira." Mnasihi akaweka kidole juu ya hasira. "Una hakika?" Kaka hajawahi kuniomba hata shilingi. Ile ilikuwa soni, aibu ya moyoni. Mama alipougua, yeye ndiye aliyemwogesha. Mimi nilikuwa Dar, natuma hela kwa simu.

Kinachonikera ni kwamba sisi watu wa pwani tuna wahaka, fadhaa, jitimai, kinyongo, soni, halafu vyote tunavitia kapu moja, "mawazo". Washona wa Zimbabwe nao husema kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Huko Dk. Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, alianza mwaka 2006 kuwafundisha mabibi kukaa kwenye mabenchi ya zahanati na kuwasikiliza watu. Utafiti wao wa 2016 ulionyesha dalili za waliokaa na mabibi hao zilipungua kuliko za waliopata huduma ya kawaida. Sisi mabaraza tunayo, na mabibi tunao. Ila hakuna anayeuliza swali la pili.

Dua naomba, na sijaona inapogombana na daftari. Jina ndilo linalotuponza: ukitaja ushauri nasaha, watu wanajua umekwenda kupima ukimwi. Jirani yangu alishanipa pole.

Juzi Alhamisi kaka kapiga, nikapokea. Tukaongea machungwa ya Muheza na mvua. Habari za mama bado.