Mrushaji aachwe amalize mechi?

Mwaka 1904 Jack Chesbro, mrushaji wa New York (yule anayemtupia mpigaji mpira), alianza mechi 51 za besiboli na kuzimaliza 48 mwenyewe, bila kupokewa na mrushaji mwingine. Mwaka 2022 Sandy Alcantara wa Miami aliongoza besiboli yote ya Marekani kwa kumaliza mechi 6. Hapo katikati umepotea ustadi ninaousikitikia, ingawa waliouacha walikuwa na sababu.

Anayewatetea makocha wa leo, wanaowatoa warushaji mapema, atakukumbusha timu ya Oakland ya 1980. Kocha Billy Martin aliwaachia warushaji wake mechi 94 wazimalize katika msimu mmoja. Rick Langford peke yake alimaliza 28, zikiwemo 22 mfululizo. Timu iliyopoteza mechi 108 mwaka uliotangulia ikashinda 83. Raha hiyo haikudumu, kwani baada ya miaka michache tu mikono ya vijana wale ilikuwa imechakaa. Tena kuna hesabu ya wapigaji: anayekutana na mrushaji yuleyule mara ya tatu siku moja ameshamsoma, na humpiga vizuri zaidi. Kocha anayeingiza mkono mpya hafanyi hivyo kwa woga.

Hoja hiyo naikubali, ila kuna swali haijibu. Kama kumaliza mechi ndiko kulikovunja mikono, mbona bado inavunjika? Spencer Strider wa Atlanta, ambaye hakuwa amewahi kumaliza mechi hata moja katika ligi kuu, alifanyiwa upasuaji wa kiwiko Aprili 2024. Ripoti ya ligi yenyewe ya Desemba mwaka huo ililaumu mbio za kutafuta kasi, yaani kila mrusho kutupwa kwa nguvu zote. Na anayejua atatolewa kipindi cha tano kati ya tisa ana sababu gani ya kujibakizia nguvu?

Roy Halladay alicheza kinyume na hivyo. Aliongoza ligi yake mara 7 kwa mechi alizomaliza, kati ya 2003 na 2011, na silaha yake ilikuwa mpira unaozama, ambao mpigaji huugonga ukabingirika chini na kumpa mdakaji kazi rahisi. Nguvu aliigawa. Huo ndio ustadi ninaotaka ufundishwe tena tangu utotoni, ingawa sitaficha kwamba Alcantara naye alipasuliwa kiwiko mwaka 2023 na kukosa msimu mzima wa 2024.

Aprili 2022, kocha Dave Roberts wa Dodgers, timu ya Los Angeles, alimtoa mrushaji wake Clayton Kershaw baada ya vipindi 7 na mirusho 80, wakati hakuna mpinzani hata mmoja aliyekuwa amefika kituo cha kwanza. Oktoba 2025, katika fainali kule Toronto, Roberts huyohuyo alimwacha Yoshinobu Yamamoto arushe mara 105 hadi mwisho. Dodgers walishinda 5–1.