Kalidas haikuwa ya Kitamil peke yake
Makala moja kuhusu sinema ya India inaiita Kalidas ya 1931 filamu ya kwanza yenye sauti ya Kitamil, lugha ya kusini mwa India, ila imeruka jambo tamu kuliko yote: waigizaji wake wanaongea lugha tatu. T. P. Rajalakshmi anasema Kitamil, steringi P. G. Venkatesan anamjibu kwa Kitelugu, lugha nyingine ya kusini, kwa kuwa Kitamil hakikumkaa mdomoni, na L. V. Prasad anatia Kihindi. Mwongozaji H. M. Reddy aliipiga Bombay kwa siku 8, kwenye seti za Alam Ara, filamu ya kwanza ya India yenye sauti. Baadaye lugha zilitenganishwa: filamu ya Missamma ya 1955 ilipigwa mara mbili, N. T. Rama Rao kwa Kitelugu, Gemini Ganesan kwa Kitamil, Savitri kotekote. Inauma kwamba hakuna nakala ya Kalidas inayojulikana kubaki. Mazungumzo yale hatuwezi tena kuyasikia.