Mitishamba na moyo: ubishi wote uko kwenye kipimo

Watetezi wa mitishamba kama tiba ya moyo wana hoja nzito kuliko wanavyokubaliwa. Mwaka 1785 daktari Mwingereza William Withering alichapisha habari za wagonjwa waliovimba mwili, aliowatibu kwa majani ya mmea uitwao digitali. Kutoka jamii ya mmea huo ikapatikana digoksini, ambayo hadi leo hupewa baadhi ya watu wenye moyo dhaifu au mapigo yasiyo na mpangilio. Daktari anayedharau majani anasahau zilikotoka baadhi ya dawa zake.

Lakini Withering huyohuyo aliandika pia madhara aliyoyaona dozi ilipozidi: kutapika, kuona vitu vya kijani au njano, mapigo kushuka hadi 35 kwa dakika, hata kifo. Kinachoupa moyo nguvu ya kusukuma damu ndicho hichohicho kinachoweza kuusimamisha, na kati ya dawa na sumu pana nafasi finyu mno. Nguvu ya jani nayo hubadilika kwa umri wa mmea na wakati wa kuchumwa. Kidonge kina kiasi kinachojulikana. Kikombe cha majani yaliyochemshwa hakina. Kwangu mimi hapo ndipo penye kiini cha ubishi huu, wala si kwenye uasili wa dawa.

Si kila mmea ni mkali hivyo. Rosela na kitunguu saumu vimepimwa kwa wagonjwa, na vimeonekana kushusha presha kwa kiasi. Ni faida ya kweli, ila haitoshi mtu kuacha vidonge vyake. Kitunguu saumu kilichokolezwa kwenye vidonge, kikichanganywa na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kinaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu.

Urukususu, mzizi unaotiwa kwenye chai, ndio unaonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu ni mtamu na hakuna anayeuogopa. Ukitumiwa kwa wingi hupandisha presha na kuufanya mwili upoteze potasiamu, madini yanayosaidia moyo kupiga sawasawa. Potasiamu ikipungua, digoksini inaweza kuwa sumu hata kwa dozi ileile ya kila siku.

Ndiyo maana sikubaliani na madaktari wanaomkaripia mgonjwa akitaja mitishamba. Akikaripiwa hataacha kunywa, ataacha kusema. Mapigo yake yakivurugika, daktari atahangaika na dozi ya vidonge, huku chanzo kikiwa kwenye chai ambayo hakuna aliyeiulizia.