Kabla hujanunua pikapu mpya, zishushe ulizonazo

Mpiga gitaa la umeme akichoka na sauti ya chombo chake, kitu cha kwanza kulaumiwa ni pikapu, yaani kile kifaa chini ya nyuzi chenye sumaku na koili ya waya, kinachonasa mtikisiko wa nyuzi. Mara nyingine lawama hiyo ni ya haki. Magitaa mengi ya bei ya chini yanayoingia Unguja na Pemba yana kipande cha sumaku ya seramiki kilichogandishwa kwa gundi chini ya nguzo za chuma (zile pini ndogo zilizo chini ya kila uzi), na sauti yake ni kavu, inakata masikio. Hata hivyo, naamini pikapu iwe kitu cha mwisho kutolewa pesa, na siku ukizitoa, nunua zisizo na nguvu nyingi. Muziki wa hapa kwetu unazitaka hizo. Gitaa katika taarab linakaa baina ya ganuni, fidla, kodiani na mwimbaji, na likivimba linawafunika wote.

Basi anza na bisibisi. Bonyeza uzi wa kwanza na wa sita kwenye freti (vile vipande vya chuma vilivyolala shingoni) ya mwisho kabisa, halafu pima kwa rula nafasi iliyopo kati ya uzi na kichwa cha nguzo. Kwa pikapu za koili moja zenye nguzo za sumaku, anzia milimita 2.4 upande wa uzi mnene na milimita 2 upande wa uzi mwembamba. Kwa hambaka, yaani pikapu za koili mbili, weka 2.4 kwenye ile ya shingoni na 1.6 kwenye ile ya darajani, karibu na kipande kinachoshika nyuzi mwilini. Ukikagua magitaa ya watu utakuta mengi yamepandishwa pikapu mpaka zinakaribia kugusa nyuzi, kwa imani kuwa zikiwa karibu sauti itanona. Kumbe sumaku inauvuta uzi na kuunyima nafasi ya kutikisika. Piga uzi wa sita kwenye freti ya kumi na mbili na kuendelea: utasikia sauti mbili zinagombana ndani ya noti moja, inayumba na haitulii. Mwenye gitaa atakaza na kulegeza vifunguo jioni nzima na hatapata. Ganuni yenye nyuzi zaidi ya 70 ikishawekwa sawa, gitaa la namna hiyo linajitangaza lenyewe kwa kila aliyekaa ukumbini. Shusha kwa nusu mzunguko wa skrubu, piga, sikiliza, shusha tena. Ya shingoni ndiyo ya kushushwa zaidi, kwa sababu pale uzi unatikisika kwa upana mkubwa na pikapu inapata sauti kubwa bila kusaidiwa.

Kuna jambo jingine linaloua sauti za magitaa kuliko pikapu mbovu, nalo ni kuchomeka gitaa moja kwa moja kwenye miksa. Koili ya pikapu ni chanzo dhaifu. Inataka kupokewa na mlango wenye ukinzani wa megaomu 1 hivi, kama ule wa amplifaya ya gitaa. Mlango wa laini wa miksa una kiloomu 10 mpaka 20. Mzigo huo unazimeza sauti za juu zote, na linalobaki ni kitu kizito kama kimefunikwa blanketi. Mtu akisikia hivyo anakwenda kutafuta pikapu kali zaidi, anazifunga, na blanketi liko palepale. Tafuta kwenye miksa yako mlango wenye kitufe kilichoandikwa Hi-Z, yaani ukinzani mkubwa, au tumia kisanduku cha DI (cha kuunganishia gitaa na miksa) kinachotumia umeme au betri. Kile kisichotumia umeme huwa na kiloomu 130 au 140 tu kwenye mlango wake. Kinafaa kuliko laini tupu, lakini bado kinakula sauti. Hata pedali ya Boss ya kuwekea nyuzi sawa inasaidia ikitangulia mbele ya miksa, maana ndani ina bafa, yaani saketi inayoipokea koili bila kuielemea, mradi iwe inapata umeme.

Waya nao ni mzigo. Waya wa kawaida wa gitaa hubeba takriban pikofaradi 100 kwa kila mita, kwa hiyo mita 10 ni pikofaradi 1,000 zinazovuta mlio wa pikapu kuelekea chini. Mita 3 au 5 zinatosha kwa anayepiga amekaa. Na nyuzi zenyewe, wakati wa masika na karibu na bahari, zinashika kutu haraka kuliko maandishi ya pakiti yanavyoahidi. Uzi uliokufa hakuna pikapu itakayoufufua.

Halafu mvumo. Umeme wetu ni wa volti 230 na herzi 50, na ule mlio mnene unaokaa nyuma ya gitaa ni mtoto wa hiyo 50. Kabla ya kuilaumu koili, tazama plagi. Amplifaya nyingi huja na plagi ya pini mbili za mviringo, na soketi zetu ni za pini tatu za bapa. Kila mtu anajua dawa yake: kijiti au kifuniko cha kalamu kinachokonolewa kwenye tundu la juu, milango ya chini inafunguka, plagi inasukumwa ndani. Amplifaya inawaka, lakini ethi, yaani waya wa ardhini, haijaunganishwa popote. Hapo gitaa litavuma liwe na pikapu za shilingi elfu thelathini au za laki tano. Kibaya zaidi, mpigaji anaweza kupigwa na umeme mdomoni akigusa maikrofoni huku ameshika nyuzi. Badilisha plagi, weka ya pini tatu yenye fyuzi, na mwite fundi umeme ahakikishe soketi yenyewe ina ethi inayofika ardhini, kwani katika nyumba kongwe pini ya tatu inaweza kuwa pambo. Usikate waya wa ethi kamwe ili kuondoa mvumo.

Ukigusa nyuzi mvumo ukapungua, waya wa ethi wa daraja uko sawa na gitaa linahitaji kufunikwa ndani. Ukigusa ukazidi, waya mbili za jeki zimebadilishana au ule wa daraja umekatika. Kufunika hufanywa kwa tepu ya shaba ndani ya mashimo yote ya mwili na nyuma ya bamba, kila kipande kikigusana na chenzake na vyote vikiungwa na ethi. Foili ya jikoni inafanya kazi, ila haishiki lehemu. Itabidi uibane kwa skrubu na washa, yaani kipete bapa cha chuma. Hewa yetu ya chumvi huila alumini haraka pale inapokutana na shaba, kwa hiyo gharama ya tepu ya shaba haipotei. Kufunika huku hakuzuii mvumo wa sumaku unaotoka kwenye transfoma. Ukikaa karibu na amplifaya utausikia tu. Seth Lover wa kampuni ya magitaa ya Gibson aliomba hataza ya hambaka mwaka 1955 kwa ajili ya adui huyo: koili mbili zinazosikia uzi pamoja na kufutiana mvumo.

Ukishafanya hayo na sauti bado haikuridhishi, basi sasa ni zamu ya pikapu. Chomeka waya kwenye gitaa, fungua sauti yote, na pima ncha ya pili kwa mita ya umeme (multimita) iliyowekwa kwenye kiloomu 20. Koili moja ya kawaida itasoma kati ya 5.5 na 7. Hambaka ya asili itasoma 7.5 hadi 9, na zile kali 12 mpaka 16. Usishangae ukipata namba kubwa kuliko ya kwenye boksi. Ukinzani wa shaba hupanda kwa takriban asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya joto, hivyo pikapu iliyopimwa kiwandani 8.0 katika nyuzi 20 itasoma karibu 8.4 katika chumba cha nyuzi 32. Haijaharibika. Wala namba hiyo haipimi ukubwa wa sauti. Waya mwembamba zaidi huongeza omu hata kama mizunguko ni ileile.

Linalonifanya nikatae pikapu kali kwa muziki wa hapa ni hili: mizunguko ikizidi, kilele cha mlio wa koili kinashuka na ung'avu unakwenda nao. Sauti inakuwa nene, ya katikati, nzuri kwa gitaa la kupasua lenye amplifaya yake pekee. Kwa kazi ya kujibu fidla inapwaya. Chagua koili moja yenye mizunguko kati ya 7,600 na 8,000 ya waya wa unene namba 42, au hambaka yenye mizunguko kama 5,000 kila koili, na sumaku ya Alniko (mchanganyiko wenye alumini, nikeli na kobalti) namba 5. Anayetaka mlio laini zaidi achukue Alniko namba 2. Na kama hambaka yako ya seramiki ina koili nzima, nunua kipande cha Alniko pekee ukibadilishe. Legeza skrubu za chini, sukuma sumaku ya zamani itoke kwa ubavu, ingiza mpya ikielekea upande uleule wa kaskazini na kusini. Ni kazi ya nusu saa na bei yake haifiki robo ya pikapu mpya.

Pima pia umbali kutoka katikati ya nguzo ya kwanza hadi ya sita. Kuna za milimita 48, 50 na 52, na kifuniko cha moja hakiingii kwenye nyingine.

Kutu ndiyo inayozimaliza pikapu pwani. Ivue kofia ya koili moja iliyotumika miaka kadhaa uitazame kwa karibu: vichwa vya nguzo vina unga mwekundu, na pembeni, pale waya wenye unene wa unywele unapozigusa, kuna ukijani. Katika muundo wa kizamani waya unazungushwa juu ya sumaku zenyewe, hivyo kutu ikivimba inaukata kutoka ndani, na mita inaonyesha hakuna njia kabisa. Ikiwa mkato uko nje, kwenye kijicho cha kulehemia, unaungika. Ukiwa ndani, koili isukwe upya. Kwa mazingira yetu ningenunua zenye kibao cha plastiki kinachotenganisha waya na sumaku, au hambaka yenye kifuniko cha nikeli.

Potenshometa, yaani vile vifaa vilivyo chini ya vifundo vya sauti na toni, zinabadilishwa pamoja na pikapu: kiloomu 250 kwa koili moja, 500 kwa hambaka. Hapa pana mtego. Maduka ya vipuri vya redio yana B50K, yaani za kiloomu 50, kwa wingi, zinafanana kwa umbo na zinaingia kwenye tundu, nazo zinaua sauti za juu sawasawa na ule mlango wa miksa. Soma maandishi ya mgongoni. Herufi A inashuka taratibu kama sikio linavyotaka, B inabaki juu kisha inaporomoka ghafla. Kapasita ya toni fundi redio yeyote anayo: iliyoandikwa 473 kwa koili moja, 223 kwa hambaka.

Piga picha za waya zote kabla hujagusa kitu. Funika mwili wa gitaa kwa kitambaa kizito na zima feni, maana lehemu inayopoa kwa upepo inashika juujuu. Pasi ya kulehemu ya wati 25 haipashi mgongo wa potenshometa. Mtu anaikandamiza nusu dakika mpaka anaunguza kilichomo ndani. Tumia wati 40 mpaka 60, kwaruza mgongo kwa msasa, paka lehemu ya 60/40 yenye rozini, unganisha ndani ya sekunde nne, toa. Lehemu ya mabomba yenye asidi isikaribie kabisa.

Rangi za waya nne za hambaka hazifanani kwa kila kampuni. Kwa Seymour Duncan mweusi unakwenda kwenye swichi, kijani na ule usio na ganda kwenye ethi, mwekundu na mweupe vinaungwa pamoja. Kwa DiMarzio mwekundu ndio unaokwenda kwenye swichi, kijani na mtupu ethi, mweusi na mweupe pamoja. Ukitumia mchoro wa mmoja kwa pikapu ya mwingine, sauti itatoka nyembamba kama simu ya zamani. Kwa pikapu isiyo na jina, unga mita kwenye koili moja, weka bisibisi ya chuma juu ya nguzo zote kisha ichomoe ghafla, uone namba inaruka juu au chini. Rudia kwa koili ya pili, ukibadilisha ncha za mita mpaka namba iruke upande uleule. Ncha nyekundu ya mita inaposhika ndiyo mwanzo wa kila koili. Sasa unga mwisho wa ya kwanza na mwanzo wa ya pili, na zilizobaki mbili ni za swichi na ethi.

Zile ulizozitoa zifunge kwenye mfuko mkavu pamoja na kipakiti cha kunyonya unyevu, uandike juu yake omu ulizopima na umbali wa nguzo. Kuna kijana anaanza na gitaa lenye koili iliyokatika, na hizo zinamtosha.