Kusadikika hakuna kamera

Mei 2025, mtandao wa X ulipofungwa nchini Tanzania, kijana mmoja kijiweni kwetu Ngamiani, Tanga, alitamka, "Ndiyo tumeshaingia 1984." Alimaanisha riwaya ya Mwingereza George Orwell, iliyotoka mwaka 1949, ambamo ukutani kuna kioo kinachomtazama mtu usiku na mchana. Mzee aliyekuwa akisubiri kikombe chake cha kahawa alidhani unatajwa mwaka wenyewe, mwaka wa msiba wa Waziri Mkuu Sokoine na foleni za sabuni. "Usiuombe urudi ule," akamwambia. "Sabuni ya mche tulikuwa tunaikata vipande."

Tulicheka, lakini kicheko kile hakijanitoka. Riwaya hizi ambazo wasomi huziita za kidistopia, yaani hadithi za nchi ya kubuni iliyooza ili msomaji aiogope, zimekuwa kipimo chetu cha kila kitu. Tovuti ikifungwa, Orwell. Kamera ikipachikwa kwenye nguzo, Orwell. Najiuliza kama kweli kipimo hicho kimekatwa kwa mwili wetu, au ni nguo ya kuazima, na wahenga wanajua nguo hiyo huacha nini wazi.

Wanaosema haitutoshi wana la kusema. Kutazamwa si jambo geni mitaani kwetu. Balozi wa nyumba kumi, aliyeletwa na mfumo wa chama cha TANU mwanzoni mwa miaka ya 1960, alijua mgeni wa nani katokea wapi na ataondoka lini. Habari alizipeleka juu, hilo halina ubishi. Lakini ndiye huyo huyo aliyejua nani kalala na njaa, na barua ya utambulisho uliifuata barazani kwake. Orwell angemchora kama mpelelezi. Mama yangu alimwita shemeji. Sitaki kumpamba, balozi mwenye kinyongo aliweza kumtesa mtu miaka. Nasema tu kwamba jicho lile lilikuwa na jina na nyumba, na ukilikasirikia ulijua pa kwenda kugombana nalo.

Chukua na usajili wa laini kwa alama za vidole, ambao siku yake ya mwisho ilifika Januari 2020. Kwa macho ya riwaya, taifa zima limeweka dole gumba mikononi mwa dola. Lakini muulize aliyepokea ule ujumbe wa matapeli, "ile hela tuma kwenye namba hii", akatuma. Huyo haliogopi jicho; analalamika kwamba halikuona. Na kwa kweli mtu aliyeibiwa ada ya mtoto hana muda wa kusikiliza hotuba yangu kuhusu faragha.

Tatizo ni kwamba ujumbe ule unaingia mpaka leo. Vidole tulitoa, matapeli wapo, na kidole si nywila kwamba utakibadilisha kesho. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022, vidole vikiwa vimeshakusanywa. Kitasa kimenunuliwa baada ya mali kuingizwa ndani, na si mwenye mali aliyekabidhiwa ufunguo. Hapo kijana wa kijiweni anapata hoja.

Kuna jambo ambalo Orwell hakulinusa kabisa: mikopo ya simu. Unapakua programu, unabonyeza "kubali" bila kusoma, nayo inazoa namba zote ulizohifadhi. Ukichelewa kulipa, mkweo, bosi wako na imamu wa msikitini kwenu wanapata ujumbe kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Hakuna bango la mtawala mwenye masharubu, hakuna askari aliyegonga mlango. Kuna fedheha tu, iliyowekwa rehani bila mwenyewe kujua. Na katika mji kama huu, ambako mtu anaweza kukosa chakula cha jioni lakini asikubali jirani ajue, sijui kama kuna rehani nzito kuliko hiyo. Novemba 2024 Benki Kuu ilizipiga marufuku programu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni. Kwa hiyo safari hii dola ndiyo iliyomkinga mnyonge, jambo ambalo sisi wapenzi wa riwaya za aina hii huwa tunalipitia haraka haraka.

Kisha ikaja tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu. Intaneti ilizimwa, ikakaa siku kadhaa. Kitisho cha kile kioo cha Orwell ni kwamba hakizimiki; sisi chetu kilizimwa, tukabaki na redio na midomo. Kila aliyesema amefika kutoka mahali aligeuka gazeti. Wanaotetea hatua za namna hii husema uvumi huua, nami nakubali, uvumi huua. Ila niliyoyasikia mwenyewe siku zile yalikuwa mazito kuliko yote niliyowahi kuyasoma mtandaoni, na hapakuwa na wa kuyasahihisha. Hata ile hoja ya waziri kuhusu X, kwamba unaruhusu picha za ngono, naielewa. Nina binti wa miaka kumi na miwili. Lakini picha hizo hazihitaji X kumfikia, na X haikuwa na picha hizo tu.

Ndiyo maana siku hizi namrudia mtu wetu. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, hapa hapa Tanga, mwaka 1909, akawa karani wa serikali ya Waingereza. Riwaya yake Kusadikika, iliyobeba jina la nchi ya kubuni, ilitoka 1951, miaka miwili tu baada ya riwaya ya Orwell. Nchi yenyewe aliining'iniza angani, na DC gani angejitokeza kusema anasemwa yeye? Humo Karama anashtakiwa na Waziri Majivu kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria. Katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini, wakarudi na mambo ya kuifaa nchi yao, wakatupwa gerezani. Ukutani hakuna jicho. Majivu hahangaiki kujua Karama anawaza nini usiku. Kinachomchoma ni kilichosemwa mchana. Maradhi ya Kusadikika yako masikioni.

Shujaa wa Orwell anavunjwa mpaka anampenda anayemtesa. Karama anashinda kesi na wajumbe wanafunguliwa. Kwa miaka mingi niliuona mwisho huo mwepesi, kana kwamba mfalme akielezwa vizuri lazima ataelewa. Siku hizi nakwama mahali pengine kabisa: mtuhumiwa anaachiwa kusema, siku baada ya siku, mbele ya baraza zima, mpaka amalize. Nchi kuelea angani naiamini kwa urahisi zaidi.

Fumbo lake, hata hivyo, lina gharama. Lililomkinga mwandishi ndilo hilo hilo linalomruhusu kila mtawala kulisoma na kuona kasemwa mwingine, na kitabu kikaingia darasani bila kumkera mtu. Juzi nilimuuliza yule kijana kama amekisoma. Akasema ndiyo, shuleni, kwa ajili ya mtihani. Akanitajia wajumbe wote sita kwa majina bila kukosea: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa, Amini. Nikamuuliza walifungwa kwa kosa gani. Akafikiri kidogo, akaitoa simu mfukoni atafute jibu.