Namba za rejea: kwa kutafutia makala nzuri, kumpimia mtu sikubali

Majuzi alikuja mwalimu mmoja wa idara ya Kiswahili hapa maktaba ninapofanya kazi, ana fomu ya kuomba kupanda daraja, kuna sehemu wanauliza makala zako zimerejelewa mara ngapi, yaani wengine wamezitaja mara ngapi kwenye kazi zao, na wanataka namba ya Scopus tu, ile hifadhidata ya kulipia ya makala za kitaaluma. Makala anayoitegemea ni ya ngeli, ilitoka 2009. Tukaingiza jina, Scopus ikaleta sifuri. Tukahamia Google Scholar, mtambo wa Google wa kutafutia makala za kitaaluma, ikaleta 6. Akakaa kimya, halafu akaniambia, "Ndugu mkutubi, hii makala wanafunzi wangu wanaisoma kila mwaka, na vyuo vya wenzetu wanaisoma, hizo 6 ndo zote?"

Tukaenda kwenye rafu za tasnifu. Mchana mzima tumekaa chini tunafungua kurasa za marejeleo moja moja, na kwenye tasnifu tulizozipitia siku ile peke yake tukaikuta makala yake mara 11. Hapo ni chuo kimoja, na hata rafu hatukuimaliza.

Tangu siku ile nawaza sana hii habari, manake naona watu wamegawanyika, kuna wanaoziamini hizi namba kama matokeo ya mtihani wa taifa wa necta na kuna wanaosema zote ni ukoloni tuzitupe. Mimi kila siku nazitumia, kwa hiyo siwezi kusema zitupwe.

Tuanze na zilikotoka. Aliyeleta wazo ni Mmarekani Eugene Garfield, aliliandika mwaka 1955, na faharasa yake kubwa ya rejea za sayansi ikatoka 1964. Shida aliyotaka kuitatua ni ya kutafuta: umepata makala moja nzuri ya zamani, utajuaje nani aliisoma baadaye akaiendeleza au akaipinga? Orodha ya marejeleo inakurudisha nyuma tu, faharasa yake inakupeleka mbele. Mpaka leo mwanafunzi akija hajui aanzie wapi, namwambia tafuta makala moja unayoiamini, bonyeza pale panapoonyesha walioirejelea, halafu ndani ya hao tafuta neno lako. Dakika 20 ana makala 10 za maana ambazo kwa kuandika maneno tu asingezipata. Hiyo faida ni kubwa na sioni mtu wa kuipinga.

Kupima majarida kumekuja baadaye. Impakti fakta, yaani wastani wa rejea kwa kila makala ya jarida, hesabu yake ni rahisi: ukitaka ya 2024, unachukua mara ambazo makala za jarida za 2022 na 2023 zimerejelewa ndani ya 2024, unagawa kwa idadi ya makala zilizotoka miaka hiyo miwili. Makala 40, rejea 60, unapata 1.5. Ilikuwa inawasaidia wakutubi kuamua walipie majarida gani, bajeti ikiwa ndogo, na hapo mimi naielewa kabisa.

Na wanaozitetea wana hoja nzito. Kabla ya namba, kupanda daraja kulitegemea sana nani anakujua. Lekchara kijana ambaye mkuu wake hampendi, akionyesha kazi yake imerejelewa na watu wasiomjua kutoka nchi nane, ni vigumu kumwambia hajafanya kitu. Halafu kuna majarida ya kitapeli, yale yanayokutumia barua pepe usiku lete makala na hela tunachapisha wiki hii, na mengi yanajibandikia impakti fakta ya kubuni. Mtu akikimbilia orodha ya Scopus au ya Web of Science, hifadhidata nyingine kama hiyo, kwa sababu angalau kuna mtu amekagua, siwezi kumlaumu.

Sasa shida zake. Ile namba ni wastani, na wastani unabebwa na makala chache. Jarida la Acta Crystallographica Section A impakti fakta yake ilikuwa 2.051 mwaka 2008, mwaka uliofuata ikaruka hadi 49.926, na kilichoirusha ni makala moja tu ya George Sheldrick kuhusu programu za SHELX ambazo wataalamu wa fuwele wanazitumia dunia nzima. Wengine wote waliochapisha humo miaka ile walionekana wakubwa ghafla bila kazi zao kubadilika hata nukta. Ukimpima mmoja wao kwa namba ya jarida unampima kwa jasho la mwenzake.

Ukisema basi tumhesabu mtu mwenyewe, kwa h-indeksi aliyoileta Jorge Hirsch 2005, yaani ukiwa na 20 una makala 20 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 20, nayo inachezewa. Mwaka 2010 mtafiti Mfaransa Cyril Labbé alitengeneza mwanasayansi hewa anaitwa Ike Antkare, akampa makala za uongo zinazorejeleana zenyewe kwa zenyewe, na kwenye Google Scholar akafika h-indeksi ya 94. Alifanya hivyo kwa makusudi ili watu waone.

Lakini linaloniuma zaidi ni la kwetu. Kazi ya Kiswahili inarejelewa kila siku ila mashine haizioni hizo rejea, na sababu ni vitu vidogo vidogo sana. Jarida kubwa la taaluma yetu linaitwa Kiswahili, na jina hilohilo ndo jina la lugha, hebu jaribu kulitafuta uone unaletewa nini. Mchapishaji wake, huyu anaandika TUKI, yule anaandika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili kwa kirefu, siku hizi taasisi hiyo inaitwa TATAKI. Mwandishi mmoja leo ni M.M. Mulokozi, kesho Mugyabuso Mulokozi, na programu inaweza kudhani ni watu wawili. Google Scholar wenyewe kwenye maelekezo yao wanataka faili la PDF lenye maandishi yanayosomeka, lisizidi MB 5, na mwishoni kuwe na sehemu ya marejeo, mifano ya vichwa waliyotoa ni References na Bibliography. Sisi tunaandika Marejeleo. Tasnifu imepigwa skani kama picha, ina MB 80, kichwa ni Marejeleo, ndani kuna vifupisho kama Juz. na uk. na mh., jamani hapo unategemea mashine ishike nini?

Na muda pia. Ile miaka miwili ya impakti fakta kwa daktari wa malaria inatosha, kwa mtu wa fasihi au isimu makala ndo kwanza inaanza kufika mikononi mwa watu. Ile ya ngeli ya 2009, nyingi ya tasnifu tulizoikuta ziliandikwa baada ya 2015.

Kwa hiyo msimamo wangu uko hivi: kutafuta, tumia zote bila woga, Google Scholar kwa upana wake, na OpenAlex, hifadhidata ya makala iliyoanza 2022 ambayo kuitafutia ni bure, chuo kisichoweza kulipia Scopus hakina sababu ya kuiacha. Kuchagua majarida, angalia namba ila linganisha ya fani moja kwa fani moja. Kumpima mtu, kamati ichukue makala zake tatu anazojivunia wazisome, ni kazi ya siku mbili. Hata wahariri na wachapishaji wa majarida ya sayansi waliokutana Marekani walilisema hili kwenye Azimio la San Francisco lililotoka 2013, kwamba impakti fakta isitumike kupima mtafiti mmoja mmoja, na vyuo vingi duniani vimelisaini. Wanaosema tusubiri wazungu wabadilike sikubaliani nao, manake yale mafaili ya MB 80 tuliyaweka sisi.

Yule mwalimu tulimtolea fotokopi kurasa zote 11 za marejeleo, tukapiga mstari jina lake kwa kalamu nyekundu, akaambatanisha kwenye fomu. Jibu bado hajapewa. Mimi nimeanza kupunguza ukubwa wa mafaili ya zile tasnifu na kuzifanya zisomeke, moja moja, nimefika ya 14, na ya kwanza kati ya zile 11 imeshatokea Google Scholar juzi, makala yake sasa inasoma 7.