Kodi Tumelipa, na Uwanja Je?

Hivi jamani, huku Uingereza mtu akishalipa kodi ya nyumba, kodi ya kaunsili (halmashauri), umeme, maji, gesi, bima ya gari na ushuru wa barabara, bado kuna binadamu anaamka alfajiri, anavaa koti la manjano na kuja kumbandikia tiketi ya maegesho uwanjani kwake? Si barabarani. Si mlango wa hospitali. Uwanjani, chini ya dirisha lake, kwenye nafasi yenye namba ya flati yake kwa rangi nyeupe inayosomeka mpaka kwenye ndege zinazotua Heathrow.

Na karatasi yenyewe ina mbwembwe! Ya njano, ndani ya plastiki isiyoingia maji, pembeni mistari myeusi ya kumtisha mtu mzima mwenye watoto. Makusudi kabisa. Wanataka udhani ni polisi. Polisi na kaunsili wana faini zao, na hizo usizifanyie mzaha. Hii ni bili ya kampuni binafsi ya maegesho. Wanasema umevunja masharti ya ubao wao, kwa hiyo wanakudai pauni 100. Ukilipa ndani ya siku 14 wanakupunguzia hadi 60. Huruma iliyoje! Hiyo 60 imewekwa ili usipate muda wa kufungua droo na kuutafuta mkataba wako wa upangaji.

Kabla ya droo, acheni niseme ya mama wa ghorofa ya tatu, maana jengo zima limesikia.

Kibali cha kupaki anacho. Kakaa nacho msimu mzima. Lakini vibali hivi ni vikaratasi vya kuweka juu ya dashibodi, na dashibodi za siku hizi zina mteremko. Asubuhi ya baridi kioo kinalia machozi kwa ndani, karatasi inalowa, inajikunja, halafu mtoto anafunga mlango kwa kishindo, upepo unaingia chini yake, kibali kinapinduka kifudifudi. Mama kapanda ngazi na mifuko ya sokoni, katupa jicho dirishani, anaona koti la manjano linazunguka gari lake likipiga picha. Mbele, nyuma, pembeni, tairi. Hata harusi yake hakupigwa picha nyingi vile.

Akashuka na kanga kiunoni. "We kijana! Unafanya nini hapo?"

Kijana akageuka, kumbe ni wa nyumbani. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wa wapi wewe?"

"Tanga, mama. Chumbageni."

"Tanga! Unaniandikia tiketi mimi mtu wa Pangani?"

"Siandiki, mama. Mimi napiga picha tu. Inayoandika ni mashine."

"Kibali si hicho hapo?"

"Hicho ni mgongo wa kibali, mama. Kampuni inataka uso."

Mama akafungua mlango, akakigeuza. "Haya, uso huo. Na mdomo, na masikio."

"Sasa nauona, mama. Lakini picha zimeshaondoka."

"Zirudishe."

"Hazirudi, mama. Zikienda zimekwenda."

"Jana ulipita hapa, juzi ulipita, gari ni hili hili. Hulijui ni la nani?"

"Nalijua, mama. Namba yake nimeihifadhi moyoni. Mashine ndiyo haijui."

Hapo mama akaanza kumuuliza mama yake mzazi ni nani, ukoo gani, na kama wanajua kazi anayofanya Ulaya. Kijana kainamisha kichwa, anajibu moja moja kwa adabu zote, huku kidole kinabonyeza, karatasi ya njano inatoka taratibu kwenye kimashine kiunoni. Akaibandika kwa heshima, akailainisha isipate mikunjo, halafu akasogea na kunong'ona: "Mama, kata rufaa. Utashinda. Ila ungekipiga picha pale pale kilipoangukia kabla ya kukigusa. Mimi mwenyewe ninakokaa mwenzangu kanibandikia, tena wa kampuni hii hii."

Akapewa mahamri mawili kwenye foili na laana moja. Vyote akapokea kwa mikono miwili.

Sasa, kibali. Bandika kile kimfuko cha plastiki upande wa abiria, chini kwenye kona ya kioo, baada ya kufuta kioo kwa spiriti kikauke, la sivyo gundi itashika hadi Novemba tu. Kikianguka, usikiguse: piga picha kutoka nje na ndani, namba na tarehe ya kibali zisomeke, na hizo ziende na rufaa. Vilevile piga picha ubao wao: umewekwa wapi, unasomeka usiku, maandishi ukubwa gani. Kuna mbao zimetundikwa juu ya nguzo kwa herufi za chungu; kuzisoma lazima upande ngazi, na ngazi nayo watasema imepaki.

Lakini kibali ni hoja ndogo. Hoja kubwa iko kwenye droo.

Ulipotia sahihi kwa mwenye nyumba ulipewa flati, na labda nafasi ya gari. Haki hiyo umeshainunua, unailipia kila mwezi. Kampuni ya maegesho ililetwa na wasimamizi wa jengo, ikachimbia nguzo, ikatundika ubao unaosema: kwa kupaki hapa umekubali masharti yetu. Nimekubali nini? Huwezi kuniuzia kitu ambacho tayari ni changu, halafu unidai kwa kukitumia vibaya. Mkataba uliotangulia haufutwi na ubao wa mtu ambaye wewe hujawahi hata kumsalimia.

Ila usome kweli, usisome kwa hasira. Mkataba ukiandika "nafasi moja ya maegesho, namba 14," basi, umesimama imara. Mkataba ukiandika "nafasi moja, kwa masharti ya kuonyesha kibali," hoja imepata homa lakini haijafa. Mkataba ukinyamaza kabisa, mwombe mwenye nyumba mkataba wake mkubwa na mwenye ardhi, maana hawezi kukupa wewe zaidi ya alichopewa yeye, na mara nyingi nafasi imetajwa humo bila neno lolote la kibali. Akikuzungusha, na wenye nyumba kwa kuzungusha ni mabingwa, nakala nyingi hupatikana kwa msajili wa ardhi kwa pauni chache.

Watakujibu kwa kesi ya Beavis. Lazima, ndiyo dua yao. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu kabisa ilikubali pauni 85 kwa bwana aliyepitisha muda kwenye uwanja wa maduka kule Chelmsford. Sawa. Lakini yule alikuwa mgeni wa maduka aliyepewa saa mbili za bure akazipitisha kwa karibu saa nzima. Wewe unalala hapo! Mswaki wako uko hapo!

Nawe wajibu kwa kesi ya Jopson dhidi ya Homeguard, Mahakama ya Kaunti ya Oxford, 2016. Bi Jopson alisimamisha gari karibu na mlango wa jengo analokaa ili ashushe meza, akadaiwa na Homeguard, kampuni ya maegesho. Akashindwa mara ya kwanza, akakata rufaa, akashinda. Jaji Harris alisema kusimama kushusha mzigo si kupaki, akataja mpaka mtu wa maziwa, mtu wa posta na muuza mvinyo anayeleta kreti lake: maisha ya ghorofani hayaendi kama hao wote wanaandikiwa. Akasema pia kwamba kampuni haiwezi kuja kupunguza haki ambazo mkazi alishapewa kwenye mkataba wake. Hukumu hiyo haimfungi jaji mwingine wa kaunti, ila ina uzito, na barua yenye jina lake huwa inajibiwa kwa sauti tofauti kidogo.

Haya, barua yenyewe. Kwanza waandikie wasimamizi wa jengo na mwenye nyumba, siku hiyo hiyo. Ndio walioileta kampuni, wana uwezo wa kuiambia ifute, na tiketi nyingi za wakazi hufia hapo kwa barua pepe ya mistari minne. Wasipofanya kitu, rufaa kwa kampuni ndani ya siku 28. Na tafadhali, kalamu iwe na adabu: usiandike "nilipaki." Andika "gari lilikuwa limeegeshwa." Wewe unaandika kama mwenye gari kwenye usajili, basi. Sisi Waswahili tukishika kalamu tunaanzia mbali, nilitoka kazini, mvua inanyesha, mtoto ana homa, nikapaki... Umeshajitaja dereva, umeichoma kinga yako kwa ajili ya kisa kisichosomwa na mtu.

Kinga ipi? Tarehe 1 Oktoba 2012, England na Wales, kufunga tairi chuma kwenye ardhi binafsi kulipigwa marufuku. Sheria ile ile ikawapa kampuni njia ya kumdai mwenye gari pale dereva asipojulikana, lakini kwa masharti ya tarehe. Kama hakukuwa na karatasi kwenye kioo, barua iwe imekufikia ndani ya siku 14. Kama ilikuwepo, barua ije baada ya siku 28 na kabla ya kupita 56. Wakikosea tarehe au maneno yanayotakiwa na sheria, hawana haki ya kumbebesha mwenye gari deni la dereva. Anwani yako wanaipata kwa mamlaka ya magari, DVLA, kwa pauni 2.50. Mbili na nusu! Jina ulilochinjiwa mbuzi.

Kampuni ikikataa rufaa, na itakataa kwa barua ambayo haijataja hata hoja yako moja, inakupa namba ya kwenda mbele kwa waamuzi wa rufaa: POPLA kwa kampuni za chama kimoja cha maegesho, IAS kwa za chama kingine. Huchagui wewe. Kote ni bure. POPLA una siku 28, IAS soma muda kwenye barua yao. Uamuzi wa POPLA ukikukataa haukufungi wewe. Uamuzi ukiikataa kampuni, kampuni imekwisha. Pakia mkataba wa upangaji ukurasa mzima, usipakie kisehemu, halafu wadai waonyeshe mkataba wao na mwenye ardhi. Wakileta wenye mistari mieusi juu ya kila kitu isipokuwa nembo, sema hivyo hivyo.

Baadaye wanaanza wakusanya madeni. Hapa ndipo heshima inaponishinda kabisa! Barua nyekundu, barua ya mwisho, barua ya mwisho kabisa, barua ya baada ya mwisho. Pauni 100 imekuwa 170, sabini imetoka wapi, gharama ya wino mwekundu? Hao si madalali wa mahakama. Hawagusi hata ndala zako mlangoni. Zitie kwenye faili.

Ila ikija barua ya kabla ya madai, ile ya kukupa siku 30 ujibu, jibu. Na ikija hati ya madai ya mahakama, acha ubishi wa kibarazani. Unathibitisha kuipokea ndani ya siku 14 tangu ihesabiwe imekufikia, na hapo unapata jumla ya siku 28 kuwasilisha utetezi. Deni litakuwa limefika kama pauni 255: ile 170, ada ya mahakama 35, ya wakili 50, na riba juu yake. Ukinyamaza, wanapata hukumu bila wewe kusikilizwa, na usipolipa ndani ya mwezi inakaa kwenye rekodi yako miaka sita. Nenda kaombe mkopo na hiyo kitu.

Na sisi wapangaji ndio tunanaswa hapa, kwa sababu tunahama. Kila mwenye nyumba akipandisha kodi tunabeba magodoro, lakini kadi ya gari, ile V5C, tunaiacha inaota anwani ya zamani. Hati inakwenda kule, mpangaji mpya anaitumia kuwekea kikombe, hukumu inatoka, wewe huna habari. Kuiomba mahakama iitengue ni zaidi ya pauni 300 za ada. Kubadilisha anwani kwenye kadi ni bure. Bure kabisa! Kitu cha bure nchi hii na watu hatukitumii.

Nafasi za wageni sitaki hata kuzigusa. Nafasi mbili, flati nzima nzima za watu wenye ndugu. Mgeni akifika lazima umwandikishe kwenye programu ya simu, na hiyo programu inataka namba ya gari sasa hivi. Mjomba kaja kutoka Coventry, namba haijui, anachokumbuka ni kwamba gari ni la bluu na kalinunua kwa Mhindi. Ushuke tena na mvua usome namba, upande, uandike, herufi O imekuwa sifuri, imekataa, ushuke tena. Halafu inakuuliza mgeni ataondoka saa ngapi. Sasa mimi nimwulize mjomba ataondoka saa ngapi, tena hajavua viatu? Shangazi akisikia si itakuwa kikao cha ukoo? Andika saa sita usiku tu. Inakataa, mwisho ni saa nne. Saa nne pilau hata haijapakuliwa, na yule mdogo wake hajafika, naye anakuja na gari lake, na hilo nalo sijui tutalitia wapi.